Shikamoo niliyomnyima pacha wangu Kulwa kwa sababu ya dakika ishirini

Wakuu, habari za humu. Mlionitangulia kuzaliwa, shikamooni. Nimeanza na neno hilo makusudi, kwa kuwa kisa hiki kinalihusu, nami sitakiongezea chumvi.

Sisi ni Wasukuma, na kwetu pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto. Kulwa alikuwa dada yangu. Alinitangulia kwa dakika ishirini, kwa mujibu wa bibi yetu, ambaye (naomba ieleweke) hakuwa na saa.

Kwa dakika hizo alinitaka nimwamkie tangu tulipojua kusema. Sikumwamkia hata mara moja.

Miaka ya Ujamaa ilitukuta mbalimbali. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikisomea shahada ya uzamili. Yeye, mwalimu aliyehitimu Butimba, alibaki nyumbani Mirongo, Mwanza, na jioni alifundisha kisomo cha watu wazima.

"Wazee wenye mvi wananiheshimu, mwalimu, mwalimu," alikuwa akiniambia kila nilipokuja likizo. "Wewe shikamoo moja itakuvunja taya?"

"Leta kwanza saa ya bibi."

Likizo yangu ya mwisho tulipanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika. Akanigeukia: "Hata hapa uko nyuma yangu, Doto. Umezoea."

Foleni nzima ilicheka. Niliumia kuliko inavyompasa msomi.

Niliporudi chuoni nilimwandikia barua ya kurasa nne, yenye tanbihi, kuthibitisha kwamba watu waliokaa tumbo moja kwa miezi ileile hawawezi kuamkiana. Nakiri: niliijali kuliko tasnifu yangu.

Nikasubiri jibu. Iliyokuja ni simu ya maandishi kutoka kwa baba.

Kulwa aliumwa kichwa Jumatatu akitoka darasani. Jumatano alikuwa amefariki. Homa ya uti wa mgongo.

Treni ilinifikisha Mwanza nikakuta amezikwa jana yake.

Sikulia, wakuu. Niliketi uani nikichambua: kama angepelekwa hospitali Jumatatu ileile, kama ningekuwepo, kama nisingepoteza juma zima nikiandika upuuzi. Watu waliniambia pole, nami nikawajibu kwa sentensi kamili.

Ndipo akatokea Mama Tausi, jirani yetu Mzaramo, mtani wetu. Mnajua kazi ya mtani msibani: kumwigiza marehemu na kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke. Alitoka chumbani amevaa gauni la Kulwa, kalamu nyekundu kaichomeka kwenye nywele, mkononi kurasa nne.

Barua yangu. Waliikuta mezani kwa Kulwa, ameisahihisha yote kwa wino mwekundu.

Mama Tausi akasoma kwa sauti: "Hoja nyingi, hitimisho limekosewa. Nne kwa kumi. Rudia." Akashika kiuno. "Haya, Doto. Mkubwa wako nimesimama hapa. Salimia!"

Ua mzima ukanigeukia.

Nikainuka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," akaitikia kwa sauti ya puani, vilevile alivyosema Kulwa. "Taya limevunjika?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeuka, na lile gauni ndilo lililopokea machozi yangu.

Funzo nililopata ni dogo, ila limenichukua maisha yote kulielewa: ndugu anayekuomba heshima kwa utani bado anaomba heshima. Mpe angali anaweza kuitikia mwenyewe.

Leo nimemzidi Kulwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa hesabu yake ya dakika, yeye ndiye angepaswa kuniamkia. Kila asubuhi namwamkia mimi.

Mapacha mliomo humu, niambieni: kwenu dakika zinahesabiwa? Na wengine, ni nani mnamnyima neno?

Barua ile ninayo. Aliniagiza nirudie, na uzi huu ndio marudio. Sahihisheni.