Baiskeli ndogo ya Kifaransa iliyombakiza binti yangu Hanang

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Ninachoandika hapa kimetokea nyumbani kwangu, Gendabi, wilaya ya Hanang. Sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wifi yangu naye ana simu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite.

Nina binti, nimwite Paska, wakati huo yuko darasa la pili. Sisi tunakaa mashambani, nyumba ya mwisho kabla ya malisho ya ng'ombe, na shule iko mbali. Mtu mzima anayetembea kwa nguvu anatoka jasho kabla hajafika. Sasa mtoto.

Akawa anachelewa. Akichelewa anachapwa. Akaona bora asifike kabisa.

Siku moja naenda kupalilia nakuta mkoba wake katikati ya mahindi, na yeye amelala pembeni yake. Alikuwa anasubiri wenzake wapite wanarudi, aungane nao, aje nyumbani kama aliyetoka shule.

Sikumpiga. Nilikaa chini palepale nikawaka hasira, ila si juu yake.

Hapo ndipo wifi alipoingia. Ni dada mkubwa wa mume wangu, yuko Babati mjini, ana mgahawa karibu na stendi. Akampigia kaka yake: mleteni mtoto kwangu, shule iko nyuma ya nyumba, atasoma vizuri. Baba Paska akaona ni neema imeshuka.

Wakuu, naomba mnielewe. Huyu wifi alishamchukua mtoto wa ndugu yetu mwingine kwa maneno hayohayo. Yule binti aliishia kuosha sahani na kuuza maandazi stendi. Darasa la saba hakumaliza. Ukimuuliza leo anakuambia alikuwa anamsaidia shangazi.

Nikamwambia mume wangu, mwanangu haendi kuosha sahani za mtu.

Akanijibu taratibu, "Sasa mama Paska, kwenye mahindi anasoma nini?"

Nikachukua jembe nikatoka nje. Swali hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tulibishana mpaka tukachoka. Mwisho akasema hivi: shule zikifunguliwa mwezi wa saba, kama umepata njia ya mtoto kufika kabla ya kengele, abaki. Kama hujapata, dada anamchukua. Akapiga simu mbele yangu, akamwambia dada yake aje wiki ileile ya kufungua.

Nikaanza kufikiria. Baiskeli ya baba yake, miguu haifiki kwenye pedeli. Bodaboda ya kila siku hatuiwezi, halafu binti mdogo kubebwa na kijana nisiyemjua mimi sitaki. Wenye maoni tofauti kaeni nayo.

Ndipo nikakumbuka ile takataka iliyoning'inia zizini.

Baba mkwe wangu, sasa ni marehemu, aliinunua mnadani Katesh enzi zile mitumba ndiyo imeruhusiwa kuingia na wilaya yetu bado iko mkoa wa Arusha. Walikuwa wanashusha marobota ya nguo, na katikati yake unakuta vitu vya ajabu: viatu vya kutelezea kwenye barafu, midoli haina vichwa, na siku hiyo kibaiskeli cha mtoto.

Fremu nyembamba, bluu iliyopauka. Bomba la juu limeshuka, hata mwenye sketi anapanda bila shida. Kwenye shingo kuna kibati kimeandikwa Saint-Étienne, kumbe ni mji wa huko Ufaransa, na chini yake Made in France. Jirani yangu alipokiona akasema hiyo ni mali ya kanisa, ni ya Mtakatifu Stefano, niirudishe parokiani kabla sijalaaniwa.

Hali yake sasa. Ringi zimeliwa na kutu. Tairi hakuna. Siti imebaki chuma, kuku ndiyo walikuwa wanalalia. Ukijaribu kuzungusha pedeli haziendi mbele wala nyuma, utadhani zimechomelewa.

Nikaishusha nikaanza kuisugua kwa mchanga na mafuta ya taa. Paska akaja akasimama.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya kwako."

Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Mtoto ukishamwambia hivyo huwezi kurudi nyuma.

Nikaipeleka senta kwa fundi, nimwite fundi Tluway. Ni mtu mzima, baiskeli zote za upande wetu zimepita mikononi mwake. Kijiwe chake hakikosi wanaume wawili watatu waliokalia matairi mabovu wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeniletea baiskeli au banda la kuku?"

Lakini akaipokea. Akagonga zile kota pini, misumari inayoshikilia mikono ya pedeli, zikatoka, mikono ikachomoka, akafungua upande wa kushoto bila shida. Ikabaki upande wa cheni.

Kwa wasiojua: pale katikati pedeli zinapozungukia kuna bomba, ndani yake kuna ekseli na golori, na kila upande kuna kikombe cha chuma kinachofungwa kwa kuzungushwa, kama mfuniko wa chupa. Baiskeli zetu hizi za Kihindi na za Kichina, kikombe cha upande wa cheni kinafunguliwa kinyume. Unazungusha kulia, ndiyo kinalegea. Huku kwetu hilo ni somo la kwanza la ufundi baiskeli, mtu analijua kabla hajajua kuziba pancha.

Fundi akazungusha kulia. Hakikusogea.

Akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu. Akaita mmoja wa wale wa kijiweni. Wakaning'inia wawili. Kimya. Spana ikaanza kuteleza, na pale inaposhikia pakaanza kuliwa.

Fundi akajifuta jasho. "Mama Paska, hiki chuma kimeshaoana na fremu. Dawa yake ni moto na patasi."

Moto na patasi kwenye bomba jembamba vile, nikajua narudi nyumbani na chuma chakavu.

"Usiguse," nikamwambia.

Jamaa mmoja pale kwenye matairi akasema, "Basi shemeji, si umpeleke tu mtoto Babati, huko kuna lami." Kumbe habari ilishasambaa. Wakacheka wote.

Niliibeba ile fremu begani nikaondoka, machozi yananitoka kwa hasira. Njiani sikumsalimia mtu yeyote, na kwetu huku hilo ni kosa kubwa. Kuna bibi mmoja mpaka leo akiniona anaanza yeye, kwa makusudi, ili nione aibu.

Kesho yake mchana nimeanika maharage, ile fremu iko pembeni yangu kwenye turubai. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani ya lile bomba kupitia upande wa kushoto uliokuwa wazi. Nilikuwa natafuta ufa tu, nijue kama wameshanipasulia.

Nikaona ile mistari ya kuzungukia, ile mafundi wanaita thredi. Upande wa kushoto imelala hivi. Upande wa cheni nayo imelala hivyohivyo.

Nikaangalia tena. Nikageuza fremu, nikaangalia kwa upande mwingine. Hivyohivyo.

Fizikia yangu ya Form Four msiiulize, cheti kipo kabatini na kibaki huko. Lakini hii haikuhitaji cheti. Kama mistari imelala upande mmoja, basi vikombe vyote viwili vinafunguliwa upande mmoja. Wafaransa hawakugeuza upande wa cheni kama wenzao.

Kwa hiyo muda wote ule wale wanaume wawili walikuwa wanakaza. Kwa nguvu zao zote, na bomba juu.

Nilicheka peke yangu pale kwenye maharage. Halafu nikakasirika upya.

Asubuhi nikarudi senta.

"Fundi, fungua kwa kuzungusha kushoto."

"Upande wa cheni?"

"Upande wa cheni."

"Hiyo ndiyo ya kukaza, mama."

"Chungulia ndani kwanza." Nikampa simu, tochi inawaka.

Hakuichukua. "Kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa. Sijawahi kuona hicho unachosema."

"Na ya Kifaransa umewahi kuona?"

Akaipangusa spana kwa kitambaa. Yule jamaa wa lami akadakia, "Fundi, mpe spana, akivunja ni yake, twende zetu tukanywe chai."

Nikachukua spana. Nikachomeka bomba. Nikakanyaga fremu kwa mguu mmoja nikavuta kushoto. Hakuna kitu. Nikavuta tena, nikimfikiria wifi na sahani zake. Ikalia kaa, mlio mbaya, nikajua nimevunja.

Ilikuwa imesogea.

Fundi Tluway akasema neno moja la Kiiraqw ambalo siliandiki hapa. Akapiga goti, akachukua simu yangu mkononi, akachungulia muda mrefu. Akainuka.

"Hawa Wafaransa," akasema, "nani aliwatuma?"

Nitoe haki yake, kuanzia hapo aliifanyia kazi ile baiskeli kama ya mwanaye. Golori zilikuwa zimegandiana donge moja la kutu, akaweka mpya na grisi. Tairi za kwetu zikakataa ringi za Kifaransa, kubwa zinapwaya na ndogo haziingii. Akafunga magurudumu ya baiskeli ya Kichina ya mtoto iliyovunjika fremu. Breki zikawa hazifikii ringi, akachonga vibati vya kuzishusha.

Pedeli nilizifuata Katesh, duka la mama Zuhura, nimebeba ile mikono yake nijaribishe. Zinaingia mzunguko mmoja halafu zinagoma. Mama Zuhura akasema, "Lazimisha tu mwanangu, itaingia." Nilipomrudia fundi na maneno hayo akatikisa kichwa. "Hii tusiilazimishe tena." Akabakiza pedeli za zamani akazifunga vibao vya mti alivyochonga mwenyewe. Mpaka leo ndivyo vilivyopo.

Rangi nilipaka mimi, ile ya kijani iliyobaki kwenye mlango. Kibati cha Mtakatifu Stefano sikukigusa.

Kujifunza tulifanyia shambani, mahindi yameshavunwa. Alianguka, akachubuka, akaanguka tena, mara moja akaingia katikati ya ng'ombe wa majirani zetu wafugaji, akina mama wa hao wafugaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba Paska alikuwa anaangalia kutoka mlangoni, amekunja mikono.

Jioni moja akashindwa kuvumilia. "Unamshika vibaya, utamwangusha." Akaja na gambuti zake, akashika siti, akakimbia naye shamba zima. Akaachia. Paska hakujua kama ameachiwa, akaendelea kuongea naye peke yake mpaka mwisho wa shamba.

Shule zikafunguliwa. Jumatatu akatoka. Nikataka kumfuata kwa nyuma, baba yake akanizuia. "Ukimfuata leo utamfuata kila siku."

Siku hiyo sikufanya kazi yoyote ya maana. Kila nikisikia mlio barabarani natoka.

Alirudi mchana, mikono myeusi, sketi ina grisi, soksi zote tope la pale wanaponyweshea ng'ombe. Nikamkimbilia.

"Cheni ilitoka, nikairudisha," akasema. "Nimefika kengele haijagongwa. Mwalimu kaniuliza umeletwa na nani."

Baba yake alichukua ndoo. Alikwenda kumwagia maji ile baiskeli tope litoke.

Wifi akaja katikati ya wiki, asubuhi, na begi tupu la kubebea nguo za mtoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Shule."

"Kapelekwa na nani?"

"Kaenda mwenyewe."

Akamgeukia kaka yake. Baba Paska akaangalia chini, halafu akasema, "Tulikubaliana, dada. Anawahi." Wakuu, sentensi hiyo mimi niliisubiri miezi.

Wifi akabaki kunywa chai. Nikajua anasubiri ashuhudie kwa macho yake. Mchana Paska akaingia uani anapiga breki, vumbi linaruka. "Shikamoo shangazi."

Wifi aliweka kikombe chini. Alikuwa anaiangalia baiskeli. Akainuka akaishika siti.

"Hii si ile ya baba?"

"Ndiyo hiyo," mume wangu akasema.

"Baba alisema msichana akipanda ataharibika. Mimi nilikuwa naisukuma tu, wewe ndiye uliyekuwa unapanda." Wifi alisema bila ugomvi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Kisha akamwambia Paska, "Zunguka tena nikuone."

Paska akazunguka uani. Akazunguka tena. Wifi akasimama na begi lake tupu mkononi mpaka mtoto alipochoka.

Aliondoka jioni ile na begi limejaa maharage yangu mapya, nilimjazia mwenyewe. Kuhusu yule binti wa maandazi sijamsamehe, na nilimwambia pale njiani wakati namsindikiza. Hakubisha.

Nilichojifunza: mtu akikuambia imeshindikana, muulize kwanza kama amechungulia ndani. Na mtoto anayekwepa shule usianze na fimbo, anza na ile njia anayopita.

Haya, karibuni. Anayejua zinakopatikana pedeli za baiskeli za Kifaransa za zamani aseme, vibao vinaanza kulika. Mzazi ambaye mtoto wake naye anakaa mbali na shule atuambie anafanyaje.

Na wale mtakaokuja kuandika kwamba msichana hatakiwi kupanda baiskeli, njooni tu. Maharage nimeshaanika, leo nina nafasi.