Pasta anauliza Rehema anakaa wapi

Bapendwa, muko na afya? Na batoto?
Mi niko, ila leo nimekufa na haya.

Munajua ile filme mupya ya kesi ku tribinali? Bwana yake Rehema anataka kumunyanganya batoto, na avoka mwenye anatetea bwana ni dada ya Rehema, tumbo moja!

Asubuhi ku maombi ya bamama, pasta akauliza nani iko na muzigo.
Mi Mama Esta, mukubwa wa bamama, nikasimama na machozi: «Tuombee Rehema, bananyanganya batoto yake!»
Bamama bakalia. Bakafukuza shetani mpaka sauti ikakauka.

Kisha pasta akakamata Biblia: «Twende kwake sasa hivi. Anakaa kartye gani?»
Yesu wangu!
«Pasta… iko mu televizio.»
Pasta akafunga Biblia.
Nikajua leo bananiondoa ku ukubwa wa bamama.

Mama Sifa akaruka: «Kumbe ni ule Rehema? Basi hatujaomba ya kutosha! Ule dada yake ni nyoka!»

Pasta akapanguza uso: «Tufunge macho tena. Sasa tuombee huyu Mama Esta.»
Nikainamisha kichwa.
Lakini mu roho niliendelea na Rehema.

Mwenye ataangalia leo anijibu mbio: batoto bameachiwa nani?