Trei Iliyofunikwa Kitenge

Wanafunzi wa udaktari wanaoletwa kwangu kujifunza katika kliniki hii ya Tunduma hukutana kwanza na kitenge. Nacho nimefunikia trei yenye vidonge, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na sheria yangu ni moja: hakuna kufunua mpaka ujue siku ya mama aliye mbele yako inavyokwenda, tangu anapoamka hadi anapolala. Hunichukia kwa hilo. Na wanichukie.

Mwaka jana alikuja binti mmoja kutoka milima ya Ileje, kichwa kwelikweli. Habari za homoni alizijua kuliko mimi, nakiri. Tatizo lilikuwa mdomo. Mara mbili alifunua trei kabla mteja hajakaa vizuri, akamwaga somo lote kama mahindi ya gunia lililopasuka, na mara mbili nilimwangusha kwenye mtihani.

"Ukikosea ya tatu, unarudia mafunzo yote ya hapa," nilimwambia. Alilia. Nilijifanya sioni, ila roho iliniuma.

Siku ya mtihani wa tatu aliingia mama anayeuza mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtoto mgongoni. Alikubali nikae pembeni nisikilize.

"Nipeni vidonge vingine," alisema. "Vile vya kwanza vilinidanganya. Shahidi huyu hapa." Akampigapiga mtoto.

Mkono wa binti ulikwenda kwenye kitenge. Nikasema moyoni, kwisha habari yake. Lakini mkono ulirudi magotini.

"Dada, ukivuka Nakonde unakaa siku ngapi?"

"Tatu. Soko likichangamka, nne."

"Unalala kwa nani?"

"Kwa mulamu, wifi yangu."

"Na vidonge unaviweka wapi siku hizo?"

Mama alitazama mlango, akacheka kwa aibu. "Naviacha nyumbani, daktari. Wifi anapekua mkoba. Akiviona, ukoo mzima utajua kabla sijarudi."

Sisi wote tuliomhudumia siku za nyuma, na mimi nikiwemo, tulimhimiza asisahau kumeza. Kumbe hakuwahi kusahau! Nilitamani kupiga vigelegele, nikauma midomo.

Binti hakuwa na haraka tena. Aliuliza mama anataka mtoto mwingine lini, mume anasemaje, na hedhi ikibadilika au ikikata itamtia hofu kiasi gani. Mwishowe mama mwenyewe alichoka kusubiri.

"Sasa wewe, mbona hunionyeshi?" Akakivuta kitenge kwa mkono wake.

Alielezwa kila njia, uzuri wake na kero zake. Akachagua sindano ya miezi mitatu, kwa sababu hiyo hailali mkobani. Alipopimwa na kuonekana hana mimba, akachomwa. Niliandika "amefaulu" kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Miezi mitatu ilipotimia, mama alirudi siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mwingine, kainamisha kichwa.

"Yuko wapi yule daktari binti?" mama aliuliza. "Nimemletea wifi. Kumbe mkoba alikuwa anaupekua akitafuta vidonge, avimeze yeye!"

Wote watatu tulicheka hadi machozi. Binti alikuwa amekwisha kumaliza mafunzo na kuondoka, hivyo kwa ruhusa yao nilimpigia simu palepale.

"Daktari," nilimwambia, na sikuwahi kumwita hivyo kabla, "wifi amefika, na anakuulizia wewe."