Mama Kulwa Amebeba

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya afya pale Katoro, Bwana Afya alinikabidhi kisanduku cha baridi. Nikashukuru sana, nikajua ni chakula cha mchana.

"Fungua uone kama utakula tena," akasema.

Ndani vikopo vya choo. Ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nastaafu, kupeleka mavi ya watu maabara. Kwa mtu aliyeishia darasa la tano, mimi nilihesabu ni cheo.

Mle tulikuwa tunamtafuta Salmonela Taifi, mdudu wa homa ya matumbo, hiyo mnayoita taifodi. Anatoka chooni anapanda mkononi, mkono unagusa chakula au maji, basi. Maabara wanamwotesha kwenye kisahani kama miche mpaka aonekane. Na ni mjanja: mgonjwa anapona kabisa, mdudu anabaki kajificha kwenye nyongo. Mtu wa hivyo wanamwita mbebaji. Haumwi, ila anagawa.

Sasa wachimbaji wakaanza kuanguka homa, na wengi walikuwa wanakula kwa Mama Kulwa, mama ntilie mwenye kachumbari tamu. Mimi pia nilikula pale kila siku na sikuumwa. Nadhani mdudu aliniona ndugu yake. Tukampima Mama Kulwa, akakutwa naye.

Bwana Afya akaenda kumpa majibu palepale kwenye banda, wateja wamejaa.

"Mama Kulwa, majibu yametoka. Umebeba..."

Hakumaliza. "Mayu wane, mama yangu!" jamaa mmoja akaruka. "Mumewe yuko Segese tangu masika, kabeba ya nani?"

Banda zima kicheko. Bwana Afya anaita, "Vimelea! Kabeba vimelea!" Nami nikapaza sauti, lakini nani amsikilize mbeba mavi?

Kumbe mtu keshampigia mumewe; kabla hatujaondoka, mume akampigia Mama Kulwa. "Huyo mtoto mpelekee babaake." Akakata.

Bwana Afya akamwita mama pembeni, akamnyooshea vidonge. Mama Kulwa akarudi nyuma.

"Mnataka nitoe? Sina mimba, na dawa zenu simezi!"

Akapanda basi kwenda kwa mama yake, Didia. Tulimpigia, simu haishiki.

Baadaye nikahamishiwa Shinyanga. Afisa Afya wa kule akanituma Didia, watu wanaumwa baada ya kula msibani. Nikamkuta Mama Kulwa kakaa chini, hajafunga hata kilemba. Ndiye aliyewapikia waombolezaji. Mama yake naye alikula, akaugua, utumbo ukatoboka, wakamzika.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama. Pole."

Nikamweleza yote polepole, nyongo, mkono, chakula. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ndicho nilichobeba," akasema. Akanyoosha mkono, akapokea vidonge nilivyokuja navyo, akameza bila maji.

Sasa nipo nyumbani, nalisha bata na kutania wajukuu. Mtu akisema fulani kabeba, wote wanacheka. Mimi nauliza, kabeba nini?