Kufuli la Ukumbi wa Mabela

Siku yangu ya mwanzo kazini, mapema miaka ya tisini, sikuonyeshwa meza wala kiti. Mudiri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa ofisi yetu ya Ruwi, hapa Muscat, alinichukua moja kwa moja hadi kwenye ukumbi mmoja wa harusi, akanisimamisha katikati na kuniuliza, "Bi Zuwena, milango mingapi humu?"

Nikatazama huku na huku. "Minne."

"Nenda kaisukume."

Miwili ilifunguka. Wa tatu ulizibwa na makochi mabovu. Wa nne ulikuwa na mnyororo na kufuli. Nikarudi nimeona haya.

"Basi ni miwili," akasema. Alikuwa mzimamoto zamani, mzaliwa wa Unguja kama mimi, mtu wa maneno machache. "Mlango usiofunguka ni ukuta. Sasa nisikilize. Wakishaingia wanawake, mimi mwanamme sina ruhusa ya kutia mguu humu. Macho yangu ni wewe."

Wiki nzima ile sikulala vizuri. Mimi mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kutazama jiko. Mama yangu akinicheka kwa tabia hiyo. Mudiri aliigeuza kuwa mshahara.

Kazi yetu ilikuwa kukagua kumbi na mahema ya sherehe, na kuwafundisha wanaoziandaa. Vijana wa leo mna kompyuta. Sisi tulikuwa na futi ya kupimia, daftari na miguu. Somo la kwanza lilikuwa uwezo wa ukumbi, yaani idadi ya watu wanaoweza kutoka kwa pamoja bila ya kukanyagana. Waandalizi wengi walijua kuhesabu viti tu. Nikipita na futi yangu nilisikia minong'ono: "Kesha kuja, bibi wa milango."

Udi ndio ulionipandisha roho. Vyetezo vya makaa ya moto vinapita baina ya nguo za hariri na mapazia, lakini harusi ya Muscat bila ya udi, nani atakusikiliza? Mudiri alitufundisha kupunguza madhara: usiloweza kulizuia, lipunguzie makali. Tukasema chetezo kikae juu ya sinia ya mchanga, mbali na pazia, na anayekibeba asipewe kazi nyengine. Na milango vivyo hivyo. Kina mama walikuwa wakiifunga kwa ajili ya sitara, maana ndani wamevua mabuibui na wamejipamba, na nje wamejaa madereva na kaka za watu. Hatukugombana nao. Tuliwaambia watundike turubai nene nje, hatua chache kutoka mlangoni, na mwanamke akae hapo kulinda. Mlango uwe wazi, na sitara iwepo.

Katika mafunzo yangu ya Darsait, mmoja wa wanafunzi alikuwa Neema, Mtanzania kutoka Dodoma, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa bibi yao. Alikuwa mhudumu wa ukumbi mmoja kule Mabela. Hakusema sana, lakini aliandika kila neno.

Miaka ikapita, zikaja simu zenye kamera, na hofu ya kina mama ikazidi. Ndipo ilipofika siku ya hina ya binti wa dada yangu Salma, katika ukumbi ule ule wa Neema. Siku ile sikwenda kukagua. Nilikwenda kama mama mdogo wa bibi harusi.

Ukumbi ulikuwa na milango miwili tu, wa mbele na wa nyuma. Kabla ya wageni kuingia Salma alinivuta mkono mpaka mlango wa nyuma. Turubai la nje lilikuwa limechanwa na upepo na limepelekwa kushonwa, na ukisimama pale unawaona madereva mpaka nyuso zao.

"Zuwena, mlango huu utiwe kufuli."

"Dada, haiwezekani. Unaijua kazi yangu."

"Kazi yako huko kwa watu! Akipigwa picha mtoto wa mtu humu, uso wangu nitauweka wapi? Nnakuomba mimi, dada yako, tumbo moja."

Ningeliweza kutundika hata shuka la kitanda. Miaka yote nimewafundisha watu hayo. Lakini mganga hajigangi, na mbele ya dada yangu mkubwa nilirudi kuwa mtoto. Nikamwita Neema nikamwambia autie mlango kufuli na ufunguo anipe mimi. Nilijidanganya kwamba ufunguo ukiwa kwangu, ni sawa na mlango kuwa wazi.

Neema akanitazama. "Lakini mama, si ulitufundisha..."

"Leo mimi mgeni, Neema. Fanya ninavyokwambia."

"Sawa, mama."

Ufunguo nikautia mkobani. Na mkoba, kama ilivyo desturi yetu, nikaukabidhi pamoja na buibui langu katika chumba cha nguo.

Baada ya alasiri chetezo kilipinduka karibu na mlango wa mbele. Pazia likashika moto, moshi mweusi ukatanda, na ukumbi mzima ukageuka kukimbilia nyuma. Mimi nilikimbilia chumba cha nguo. Mabuibui yamerundikana mpaka kifuani, yote meusi, na mikoba imefukiwa chini yake, nayo meusi. Nikifungua mmoja nakuta hina, nikifungua mwengine nakuta chupa ya maziwa ya mtoto. Bibi harusi yumo mle, dada yangu yumo, watoto wamo. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nimewaua."

Nilipoupata ufunguo na kukimbia nao, niliukuta mlango wa nyuma uko wazi, jua linaingia. Wanawake walikuwa nje kati ya magari, vichwa wazi, wanafunikana kwa vitambaa vya meza. Neema alikuwa ndani na mtungi wa kuzimia moto, anamalizia pazia. Aliyeumia ni mmoja tu, kaungua mkono kidogo.

"Kufuli?" nikamuuliza.

"Nililining'iniza tu, mama. Sikulibana."

Mwenye ukumbi alifika amefura. Wanaume walikuwa wanalalamika kwamba wake zao wameonekana. "Nani kaacha kufuli wazi?" akauliza, na anamtazama Neema, ambaye viza yake ilikuwa mikononi mwa bosi huyo. Angeliweza kumrudisha kwao wiki ile ile.

Nikamtangulia kujibu. "Mimi. Mimi ndiye niliyemwambia asilibane."

Neno lile lilimwokoa Neema. Watu walipoliona pazia lililoungua, hasira ikageuka shukrani, na shukrani zote zikanijia mimi. Salma alinibusu kichwa: "Umenidanganya, mwizi we! Mungu akuweke." Mudiri akakitia kisa kile katika mafunzo: mkaguzi asiyesinzia hata harusini kwao.

Nilimwendea Neema nikamwambia nataka kusema kweli. "Acha, mama," akasema. "Bosi akijua nilimbishia mkubwa, hataniamini tena." Nikakubali upesi, na upesi ule ndio unaoniuma mpaka leo.

Nilipostaafu, katika sherehe ya kuniaga, Mudiri, mzee wa mkongojo sasa, alisimama akakihadithia tena kisa cha kufuli. Neema alikaa safu ya mwisho, akapiga makofi pamoja na wengine. Mimi nilitazama chini, nikahesabu milango ya ukumbi. Ilikuwa mitatu.

Tulilelewa kuambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa mkuu siku ile, na lau Neema angelinisikia, ningelizika jamaa zangu. Mkinikuta harusini nimekaa karibu na mlango, mkoba nimeupakata, msinicheke.

Neema kesharudi Dodoma sasa, hana tena bosi wa kumwogopa. Kama watoto wake watayasoma haya, nataka wajue kwamba aliyeuacha mlango wazi ni mama yao. Mimi nilikuwa chumba cha nguo, natafuta mkoba.