Mpira wa Katikati

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimesimama kwenye kiwanja cha tenisi pale Mnazi Mmoja ya kisiwani kwetu, raketi mkononi na adabu tele kifuani, na mpira umepita baina yangu na ami yangu kama mgeni aliyepiga hodi nyumba isiyo na mtu. Hakuna aliyeugusa. Mimi nilimwachia yeye, na yeye aliniachia mimi. Watazamaji walicheka, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye tuliyekuwa tukimchezea.

Nakwambia habari hizi kwa sababu ya paa, wala usijifanye hujui ni paa gani. Mvua imeingia chumbani kwangu kupitia tundu ambalo wewe na kaka yako mnalijua tangu kabla ya Ramadhani. Nilipokuuliza ulinijibu, "Kaka ndiye mkubwa, nilimwachia yeye." Nilipomuuliza kaka yako, naye akasema, "Mdogo wangu ndiye anayeyajua mambo ya ujenzi, nilimwachia yeye." Majibu mazuri hayo, majibu ya watoto waliolelewa. Na vitabu vyangu, ambavyo ndivyo mali pekee niliyoipata kwa kusoma kwangu kote, vimerowa kwa sababu ya malezi yenu mema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema waliotutangulia. Hawakusema ufa huo azibe nani, na hapo ndipo palipotushinda sisi.

Basi kaa kitako, nikuhadithie habari za ami yangu Seif, mdogo wake baba yangu, mtu aliyekula kwa tenisi.

Miaka ile ya hamsini, tenisi mjini petu ilikuwa mchezo wa wenye nafasi. Watu waliicheza baada ya kazi. Ami Seif peke yake ndiye ambaye tenisi ilikuwa kazi yake. Asubuhi alifunga nyuzi za raketi za watu ukumbini kwa bibi yangu, na jioni aliwafundisha wake za wakubwa namna ya kuushika mpini. Akitokea tajiri anayetaka kushinda na hana wa kucheza naye, basi humkodi yeye. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini baba yangu, karani wa forodha pale bandarini Malindi, hakukubali kabisa kwamba ile ni kazi. "Mtu mzima na ndevu zake," alikuwa akisema, "anaupiga mpira kwa nguvu zote, kisha anaukimbilia. Si angebaki nao tu?"

Ami alikuwa hodari zaidi wa mchezo wa wawili wawili. Kwa miaka mingi mwenziwe alikuwa fundi cherehani mmoja wa Kigoa, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo. Yule bwana alikuwa mlafi wa mipira. Kila uliokuja, wa kwake na usio wa kwake, aliupigia kelele "Niachie!" na Ami akamwachia, kisha akauchukua ule ambao tumbo la fundi halikuufikia. Walikuwa chanda na pete. Kisha fundi akahamia Nairobi kwa bintiye, na Ami akabaki pete bila chanda, goti lake la kulia nalo limeanza kulia ngazini. Kucheza peke yake hakuwezi tena. Umebaki mchezo wa wawili, na wa pili hayupo.

Mwaka huohuo akaja Mzungu mmoja mwenye hoteli Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta mwalimu wa tenisi wa kudumu, mwenye mshahara na chumba cha kukaa. Wageni wake, alisema, hucheza wawili wawili, mume na mkewe, na hugombana. Hivyo hataki mtu wa kupiga mpira tu. Anataka mtu ajuaye kumwongoza mwenziwe, hata kama mwenziwe ni mbumbumbu. Angekuja kumtazama Ami kwenye fainali ya mashindano ya mwisho wa mwaka, kisha aamue.

Ami alinitazama mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nangoja majibu ya kwenda kusoma chuo kikuu bara, na nilikuwa nacheza vizuri, nisijifiche. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilijua kuanzisha, nilijua kurudisha, nilikuwa na miguu ya paa wa msitu wa Jozani. Kasoro yangu ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimelelewa na bibi yangu.

Nyumbani kwetu tulikula sinia moja. Nawe umekulia humo, lakini sinia la siku hizi lina demokrasia. La bibi yangu lilikuwa na sheria. Ya kwanza: kula mbele yako. Mkono wa mtoto hauvuki mpaka. Ya pili: kitoweo kilichowekwa katikati hakiguswi mpaka mkubwa akimege na kumtupia kila mtu sehemu yake. Nilishawahi kuona paja la kuku likipoa huku sote tumelikodolea macho, kwa kuwa baba alikuwa anazungumza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa barabara, na ulimwengu ukabaki na kazi ya kunifunza upya.

Sasa mchukue kijana kama huyo umweke kiwanjani ubavuni mwa ami yake. Mipira ya upande wangu niliila yote, sikubakisha hata punje. Uliokuja katikati niliutazama kwa heshima, nikingoja mkubwa aumege. Hata hivyo tulifika fainali, kwa sababu wapinzani wetu wa mwanzo hawakujua kupiga katikati.

Wa fainali walijua. Walikuwa ndugu wawili wa Kihindi wenye duka la vitambaa Darajani, na walicheza huku wakigombana kuanzia mpira wa kwanza. "Toka!" "Toka wewe!" Mdogo alimsukuma mkubwa kwa bega bila kuomba radhi, na bibi yangu angewaona angewatia adabu wote wawili kwa mwiko. Lakini hapakuwa na mpira ulioanguka baina yao. Kwetu mipira ilianguka kama mvua. Seti ya kwanza tuliitoa kama sadaka, na yule Mzungu akawa anatazama saa yake.

Tulipokwenda kubadilisha upande, Ami alinishika mkono.

"Hebu nambie," alisema, "ule mpira ni kuku?"

"Hapana, ami."

"Ni pilau?"

"Hapana, ami."

"Mbona unauangalia kama unangoja nikumegee?"

"Nilidhani wako, ami."

"Lahaula! Kila kitu changu mimi! Goti bovu langu, njaa yangu, mpira nao wangu! Wewe chako nini hapa? Suruali?"

Hata suruali ilikuwa yake, nilikuwa nimeiazima.

"Sikiliza," akasema, sauti imeshuka. "Mimi nnakwenda Dar au nnabaki kufunga nyuzi ukumbini kwa mama mpaka nife. Ukiutaka mpira, sema 'wangu'. Piga kelele."

"Nikupigie kelele wewe, ami? Mbele za watu?"

"Nipigie! Nnakuamrisha. Leo ukinistahi umeniua."

Nilijaribu, mwanangu. Mpira wa kwanza uliokuja katikati nilisema, "Wangu, ami, uniwie radhi," na nilipofika kwenye radhi mpira ulikuwa ushagonga uzio. Ami aliangalia mbinguni. Wa pili nikafumba macho, nikapiga ukelele "Wangu!" nikamsukuma kwa bega, na kofia yake ikaruka mpaka kwenye wavu. Kutoka kwa watazamaji jirani yetu mmoja akapaza sauti, "Ala! We mtoto! Ami yako huyo!"

"Mwache!" Ami akamjibu, anaokota kofia na kucheka. "Mwache anisukume, nshamruhusu!"

Mpira ule tulishinda, na seti ile tulishinda. Yule Mzungu alisogeza kiti chake mbele. Niliona namna anavyomtazama Ami, na Ami naye aliona. Katika seti ya tatu alikuwa akiniongoza kwa maneno mawili tu, "wangu" na "wako", na mimi nikijibu kwa hayohayo, na goti lake, wallahi, lilisahau kuuma.

Tukafika ukingoni. Mpira mmoja ukipotea, mchezo umekwisha. Yule ndugu mdogo akaurusha juu sana, mpira wa polepole, wa kivivu, ukashuka katikati yetu barabara. Tulikuwa na nafasi ya kuusomea dua. Mimi nikafungua kinywa kusema "wangu", nikamwona Ami ameinua raketi, nikafunga kinywa. Yeye aliniona nimefungua kinywa, akashusha raketi.

Ukaanguka. Ukadunda mbele yetu mara mbili, ukabingirika taratibu mpaka uzioni.

"Nilikuona umefungua kinywa," Ami akasema.

"Nami nilikuona umeinua raketi."

Hakunigombeza. Alibaki anautazama mpira. Miaka mingi baadaye nikiwa na digrii yangu na vitabu vyangu ndipo nilipofahamu jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ami naye alikuwa mtoto wa bibi yangu. Mdogo amefunzwa kumwachia mkubwa, na mkubwa amefunzwa kutomnyang'anya mtoto kitu anachokitaka. Alinigombeza alasiri nzima kwa ugonjwa aliokuwa nao yeye mwenyewe.

Mzungu alivaa kofia yake, akatupa mkono wa ahsante, akaenda zake Malindi kuwahi meli. Hakumchukua. Wale ndugu wa Darajani tuliwaacha wanagombana nani ashike kikombe.

Tulirudi nyumbani. Bibi yangu hakuuliza, alitazama nyuso zetu tu, akatandika mkeka, akaweka sinia. Katikati aliweka kuku mzima, aliyemchinja kwa ajili ya kusherehekea ushindi. Baba hakuwako, zamu ilimshika Malindi, kwa hiyo mwenye kumega alikuwa Ami. Naye alikuwa ameinamia wali wake, mkono hauendi popote. Kuku akaanza kupoa.

Sijui nini kilinipata. Nilinyoosha mkono, nikavuka mpaka, nikashika paja na kusema kwa sauti, "Wangu!"

Bibi alinipiga kofi la mkono lililosikika mtaa wa pili. "Mtovu wa adabu! Nani kakufunza hayo?"

Ami aliinua uso. Kwanza akatabasamu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine, nadhani, hayakuwa ya kicheko. "Mwache, mama," alisema. "Nimemfunza mimi. Kachelewa tu."

Alibaki ukumbini pale anafunga nyuzi za raketi za watu mpaka vidole vikakataa. Mchumia juani hulia kivulini, wasemavyo, na yeye juani alichuma kweli, ila kivuli chake kilikuwa cha ukumbini kwa mama. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu, ningekuwa nimeshajitetea nikapumzika.

Basi mwanangu, sikuambii uitupe adabu. Heshima si utumwa, na kwenye sinia endelea kula mbele yako. Lakini kila watu wawili wanaoshika jambo moja, ndugu kwa ndugu, mke na mume, tajiri na karani wake, pana sehemu katikati yao ambayo kila mmoja ataiona ni ya mwenzake. Hapo usikae ukikisia. Fungua kinywa. Ukisema "wangu" na kumbe ni wake, mtagongana mabega, na kofia iliyoanguka huokotwa. Na ukishafungua kinywa usikifunge.

Nami sina haki kubwa ya kununa. Tundu lile la paa nililiona kabla yenu. Nikasema moyoni, nina wana wawili wazima, nawaachia wao. Jana nimepanda darini mwenyewe na kiuno hiki, nikaweka bati, nikapigilia msumari mmoja ukapinda, wa pili ukanipata kidole. Linavuja vilevile.

Mwenyezi Mungu akujaalie mwenza mwenye sauti, akupe na wewe masikio ya kumsikia. Akuepushe na jambo jema lililoharibika kwa kuachiana. Nyumba yako isivuje, na ikivuja, asikosekane wa kusema "langu". Amin.

Ngazi iko kwa jirani wa kushoto. Nshamwambia kaka yako kwamba kazi ya paa ni yako.