Masale Yaliyong'olewa

Mtu mpya akija kwenye timu yangu ya bustani hapa chuoni, namwanzisha na reki. Wengine wananuna. Wamekuja na vyeti vya kilimo, wanataka mkasi na mashine ya kukatia nyasi, mimi nawapa reki wakusanye majani ya mparachichi. Nataka kuona kama mtu anatazama chini anapofanya kazi. Ukali ninao, sikatai. Wanafunzi wa chuo wamenipa jina la utani wanalodhani silijui.

Mwanamke niliyempokea mwaka ule hakununa. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto, ametoka Chekereni alikokuwa akilima mpunga mpaka ndoa ilipovunjika. Nilimpandisha kwenye jembe upesi, na jembe nalo likamtii. Sijawahi kufundisha mtu mwepesi wa kuelewa kama yule. Nilimpenda, ingawa sikumwonyesha.

Nyuma ya bweni la wasichana kulikuwa na mimea ya masale mirefu kuliko mtu, imesongamana juu ya kilima kidogo cha udongo na mawe. Zamani mahali pale palikuwa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo mmoja, kabla chuo hakijapanuliwa. Alizikwa hapo mtoto mchanga, mzaliwa wa kwanza wa mama ambaye sasa ni bibi anayeishi Old Moshi. Mtoto alifariki kabla ya kubatizwa, hakuwekewa msalaba. Aliwekewa masale, kama wazee walivyofanya. Kila Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, bibi alishuka, akasimama pale, akaongea na mwanawe kwa Kichagga, kisha akaja kunywa chai na sisi.

Mchagga haambiwi habari za masale. Anakua akiyaona kwenye mipaka na makaburini. Anamwona baba aliyekosa akifunga fundo kwenye jani moja la sale na kumpelekea jirani kuomba msamaha, na jirani, apende asipende, hawezi kulikataa. Ndiyo maana hakuna kati yetu aliyekumbuka kumweleza mgeni wetu wa Chekereni. Yeye masale aliyaona mtaani Njoro, kwenye maua ya nyumba za wageni. Kwake yalikuwa mapambo tu.

Nilichukua likizo kumuuguza dada yangu. Niliporudi, nyuma ya bweni palikuwa na uwanja. Masale yalikuwa yameng'olewa na mizizi yake na kuchomwa pamoja na takataka. Mawe yalikuwa yamepangwa kando ya njia, na ukoka ulikuwa umeshashika. Udongo wa kile kilima, mgeni wetu alikuwa ameusambaza na kuusawazisha jinsi wanavyosawazisha jaruba la mpunga, maana kule ardhi ikiinama kidogo tu, maji yanakwenda upande mmoja na mpunga unakauka upande wa pili. Ulikuwa uwanja mzuri kuliko wote chuoni. Mwenyewe alisimama pembeni akisubiri nimsifu.

"Mama, nimepasafisha," alisema. "Palikuwa kama pori."

Wenzangu walisubiri nifoke. Nilimweleza tu palikuwa kaburi la nani. Aliketi palepale kwenye nyasi, kisha akaruka kama aliyekalia moto.

Ungedhani kupatafuta alipolala mtoto ni kazi rahisi. Miaka yote nilipalilia kuzunguka masale yale, na ningeapa kwamba ningefika hata nikifumba macho. Kumbe nilikuwa nafuata masale, si mahali. Mmoja wetu alisema ni karibu na bomba, mwingine akasema ni chini ya dirisha la mwisho. Kuchimba hakuna aliyetaka. Wasichana wakawa wanalala pale na vitabu vyao mchana, nami nawafukuza bila kuwaambia sababu. Kipande kimoja cha nyasi kikinawiri kuliko vingine, nainama kukitazama: ni hapa? Baadaye kinanawiri kingine. Nilianza kuogopa kumwagilia. Niliogopa uwanja ule, mimi niliyezoea kuwacheka wanaoogopa makaburi.

Desemba ilipokaribia, tulikaa kwenye banda la vifaa kushauriana.

"Bibi haoni vizuri, aisee," alisema fundi wetu wa mashine. "Tupande mengine popote, tunyamaze. Ataongea na mwanawe, atakunywa chai, ataenda zake."

Nakiri wazo lile lilinivutia. Nilikuwa nimechoka. Aliyekataa ni yule mama wa Chekereni.

"Mimi ni mzazi," alisema. "Siwezi kumwonyesha mzazi mwenzangu kaburi la uongo. Mama, nifundishe namna ya kuomba."

Nikakata jani la sale mpakani kwangu. Nikamfundisha kufunga fundo na kulishika kwa mikono miwili. Mikono iliyosawazisha uwanja mzima ilishindwa kufunga fundo moja, ikabidi tuanze upya.

Bibi alikuja asubuhi, mlima ukiwa wazi, kitenge begani.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba."

Mgeni wetu alipiga magoti njiani na kunyoosha jani. Bibi alilitazama. Kisha akatazama nyuma yetu, kule kwenye uwanja, akaelewa. Nilihofia kwamba angekuwa mtu wa kwanza niliyemwona akikataa sale. Lakini alilipokea.

"Nimekusamehe," alisema kwa Kiswahili, ili mgeni aelewe. "Umeniletea sale, nitafanyaje? Inuka, mwanangu."

Yule mama aliinuka akilia. Nami nilishusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

"Haya," bibi akasema. "Sasa nionyesheni yuko wapi, nimsalimie."

Mmoja wetu alitazama bomba, mwingine dirisha la mwisho. Bibi alitutazama mmoja mmoja. Akavua viatu, akainua mguu aingie kwenye nyasi, halafu akaurudisha. Hakujua akanyage wapi.